Sahani Chini ya Kawa

Mpaka nafikia umri wa kutafutiwa mchumba nilikuwa sijasoma hadithi hata moja ya Kiingereza ambayo watu wake wanakula wali. Vitabu vya shule tulivisoma, tena kwa fimbo, na watu wa vitabu vile walikula mkate na viazi, na kitu kingine kiitwacho pudini ambacho mwalimu wetu mwenyewe alikuwa hajapata kukiona. Jioni walikunywa chai wakiwa wamevaa glavu. Nilivipenda, sikatai. Lakini nilivipenda kama mtu anavyopenda harusi ya watu asiowajua: unachungulia dirishani, unasikiliza ngoma, kisha unarudi kwenu kulala.

Basi asubuhi moja, miaka hiyo ya hamsini, nimechuchumaa uani kwetu Kariakoo nachana karatasi za kufungia vitumbua vya mama, nikamkuta mwanamke anaosha mchele. Alikuwa ndani ya karatasi. Aliuosha mpaka maji yakatakata, akautia chunguni, akatumbukiza kidole cha shahada apime maji yafike pingili ya kwanza na yasizidi. Nikaacha kuchana. Mama alinifundisha kupima maji ya wali vivyo hivyo, naye alifundishwa na mama yake, na sikudhani kwamba jambo hilo laweza kuandikwa kwa Kiingereza likapigwa chapa na kuvuka bahari.

“We mtoto, karatasi ziko wapi?” mama aliita kutoka barazani.

“Nakuja, mama.”

“Nakuja, nakuja, na watu wamesimama!”

Sikwenda. Nikageuza ukurasa nikaendelea, na wateja wa kwanza wa mama siku ile walifungiwa vitumbua vyao kwa majani ya mgomba.

Karatasi zile tulizinunua kwa ratili katika duka la pembeni, la Wahindu wawili, mume na mke. Magazeti ya zamani yalikuja kwa marobota kutoka ng'ambo, na watu wa karanga, wa kashata na wa vitumbua wakagawana. Mengi yalikuwa ya Kiingereza, na katika hayo mengine yalitoka Amerika, yamejaa picha za majokofu na magari marefu kuliko uchochoro wetu. Katikati ya jokofu na gari, mtu mwenye subira aliweza kukuta hadithi fupi. Mimi subira sina mpaka leo, lakini macho ninayo.

Chini ya hadithi yangu ya wali palikuwa na maneno machache ya kumweleza mwandishi: kazaliwa Kalifonia, wazazi wake Wajapani. Niliyasoma maneno yale mara kadhaa. Mtu wa Japani asiyepata kuiona Japani, anaandika kwa lugha ya walimu wake habari za jiko la mama yake! Nilijiona kama nimepewa ruhusa fulani, ingawa sikujua ya kufanya nini.

Nilikwenda dukani kwa yule mama wa Kihindu kuomba nichague mwenyewe karatasi zetu. Alikuwa amekaa nyuma ya mizani, sari imechomekwa kiunoni, anafunga bizari.

“Chagua nini? Karatasi ni karatasi,” alisema.

“Natafuta hadithi, mama. Za watu wa Amerika ambao si Wazungu.”

Alinitazama kama mtu aliyeombwa chumvi tamu. Kisha akasogeza gunia, akaniachia njia nipite nyuma kwenye marobota. Namshukuru mpaka leo kwa kusogeza gunia lile. Wenye duka wengi wangenifukuza, na wangekuwa na haki.

Nyuma ya gunia lile nilipata karamu. Palikuwa na hadithi ya Mchina dobi katika mji wa baridi, anayepiga pasi mashati ya watu usiku na mchana, na binti yake anayeona haya baba akifungua mdomo kusema Kiingereza mbele ya mwalimu. Palikuwa na ya kijana wa Kifilipino, mkata mboga katika mashamba ya matajiri, aliyenunua suti moja nyeupe na hana pa kwenda nayo. Palikuwa na ya bibi mmoja aliyepanda mti wa matunda ya kwao mbele ya nyumba ya kupanga, na kila mwaka mwenye nyumba anaukata, na kila mwaka unachipua. Zilikuwa fupi. Hazikuwa na mfalme wala jini, na mwisho hakuna aliyekuambia ujifunze nini. Zilikatika tu, kama mgeni aliyeondoka bila kuaga, ukabaki unatazama mlango. Mwanzoni nilidhani karatasi imechanika. Nilipozoea nikawa sitaki nyingine.

Ile ya dobi nilimsimulia mama wa dukani, kwa kuwa aliniwia fadhila. Alisikiliza huku anafunga pakiti zake. Nilipofika kwenye haya ya yule binti, mikono yake ikasimama.

“Mimi nimezaliwa hapa nyuma ya soko,” alisema. “Baba yangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuchekesha. Watu wakija dukani, mimi najificha chini ya meza.” Akafunga pakiti nyingine. “Ukipata ingine ya huyo Mchina, wewe leta.”

Toka siku hiyo aliniwekea kando magazeti ya Amerika, na akawapa wauza karanga yale mengine.

Nyumbani tulikuwa tumepanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, na ua nyuma. Alasiri wanawake wa nyumba nzima hukaa uani na nyungo zao kuchagua mchele wa jioni, na mtu husimulia. Sheria ilikuwa moja: mchele ukiisha kuchaguliwa, hadithi inakatwa hapo ilipo, kila mtu aende kuwasha moto. Hata kama simba keshafumbua kinywa, atangoja kesho. Nikaanza kuwaletea hadithi zangu, nazigeuza Kiswahili papo hapo, na penye neno nisilolijua naruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Walizipokea vizuri kuliko nilivyotarajia. Walitaka kujua vyakula kwanza.

“Wali wao wanatia nazi?” aliuliza mmoja.

“Hawatii.”

“Masikini ya Mungu.”

“Na ndizi hawana?” aliuliza mama wa Kichaga wa chumba cha mbele, ambaye mumewe aliuza vitunguu kwa jumla sokoni. Kwake yeye nchi isiyo na ndizi ilikuwa bado haijamaliza kuumbwa.

Waliposikia suti nyeupe ya yule Mfilipino walicheka, halafu mmoja akafuta macho kwa ncha ya kanga, maana mdogo wake alikuwa na suti ya namna hiyo na hakuwa na kazi. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa peke yangu katika kuzipenda. Furaha ya kusoma peke yako ni nzuri, lakini hii ya kuona watu wanavutiwa na kitu ulichokiokota jalalani ilinilevya.

Ile hadithi ya kwanza, ya mwanamke anayeosha mchele, ndiyo pekee niliyokuwa sijawasimulia. Na sababu ni mwenye nyumba wetu.

Alikuwa mjane mtu mzima, na wote tulimwita bibi. Baba yangu alipofariki tulikuwa tunakaa Gerezani katika nyumba za watu wa reli, na nyumba ile ilikuwa ya kazi, si yetu. Mama alitoka na mimi na sanduku moja. Bibi alimkuta amekaa juu ya sanduku lile pembeni mwa soko, akamuuliza habari zake, akampa chumba na pembe ya baraza ya kuuzia vitumbua. Hakumuuliza kabila wala jamaa. Chumba kile na baraza ile ndivyo vilivyotulisha.

Bibi alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume. Wakati wa vita vikuu alichukuliwa jeshini, akapelekwa na wenzake Bama, huko Asia, kupigana na Wajapani. Wenzake wa mtaani walirudi. Mmoja alisema alimwona akipakiwa kwenye lori ana homa, na hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Kwa kuwa hakuna aliyesema amemwona amekufa, bibi alikataa matanga, akakataa khitima. Kila jioni, kabla hajala, alipakua sahani ya mwanawe, akaifunika kwa kawa, kile kifuniko cha ukili kilichochongoka, akaiweka kwenye meza ndogo karibu na mlango wake. Asubuhi chakula kile walipewa kuku. Hakuna mtu wa nyumba ile aliyekigusa, na hakuna aliyelizungumza jambo lile hata kwa kunong'ona. Doti ya kanga ikiwa imetoka Japani bibi hakuishika. Mama wa dukani alijua, akimwona tu anaingia huanza kuapa: “Hii ya Uholanzi, bibi, Mungu shahidi.”

Sasa hadithi yangu ilikuwa hivi. Mama mmoja mjane wa Kijapani, huko Kalifonia, ana nyumba anapangisha vyumba kwa vibarua wa kwao. Mwanawe kaenda vitani, askari wa Amerika, hakurudi. Na yeye kila jioni anampakulia bakuli lake la wali, analiweka mahali pake mezani, na vibarua wanakula kimya upande wa pili. Mnaona wenyewe. Ningeanzaje kuisimulia hiyo uani, na bibi kakaa kwenye mkeka wake mlangoni anatafuna tambuu?

Lakini siku moja hadithi zangu ziliishiwa na nyungo zilikuwa zimejaa. “Lete ile yenye wali,” walisema, kwani mama alikuwa amewaambia ipo. Nikajiona mjanja. Nikasema nitaondoa Ujapani wote, nibakishe mama tu. Nikaanza: palikuwa na mama mmoja mjane, mji wa mbali, ana nyumba yake ya kupangisha, ana mtoto mmoja wa kiume.

Mdomo wangu ukishapata moto haushikiki. Nikamwigiza yule mama anavyokwenda dirishani kila akisikia viatu. Nikawaigiza wapangaji wanavyokonyezana juu ya bakuli. Wanawake wakacheka, na kicheko kikanipa nguvu. Nikafika pale ambapo kijana mgeni, kibarua mpya asiyejua lolote, anaingia na njaa yake na kuketi mahali pa yule mwana, mbele ya bakuli lile. Meza nzima inanyamaza. Na hapo mchele wetu ukaisha.

“Kesho!” walisema, wakasimama na nyungo zao.

Nilipogeuka, bibi alikuwa anakunja mkeka wake. Aliukunja taratibu, akaingia ndani, akafunga mlango, na mlango ule mchana haukuwa unafungwa.

Kwetu pwani mtu hasemwi kwa jina lake. Anasemwa kwa kijembe, kwa kanga, kwa wimbo, kwa hadithi ya mtu wa mji wa mbali. Kila mwanamke wa uani analijua hilo tangu hajaota meno, na mimi, kwa kusoma sana ya watu, nikalisahau. Nilimvua yule mama nchi yake ili bibi asiumie, na nilipomvua nchi akabaki na sura ya bibi.

Asubuhi bibi alipita ukumbini amejifunga kanga ambayo hatujapata kumwona nayo. Alipita mbele ya mlango wetu, akarudi, akapita tena, ili hata mwenye usingizi asome. Iliandikwa: Shukrani ya punda mateke. Mama aliisoma herufi kwa herufi, kwa kisomo chake cha shida, kisha akanigeukia.

“Umefanya nini?” aliniuliza.

Kabla sijajibu bibi alisimama mlangoni. “Fumbo mfumbie mjinga,” alisema. “Mimi si mjinga. Nimewasitiri, na nyie mmenifanya mchezo wa kuchagulia mchele. Mwezi ukiandama, nataka chumba changu.”

“Mama, nakuomba…”

“Mimi si mama yako.”

Mama alikuwa akimwita mama tangu siku ya sanduku. Aliingia ndani akakaa kitandani. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliangalia jiko lake la vitumbua kama mtu anayepima kama litaingia sandukuni. Tulikuwa hatuna pa kwenda, na hilo halikuhitaji kusemwa. Pembe nyingine ya baraza ingepatikana Magomeni labda, kwa watu tusiowajua, mbali na wateja wetu wote.

“Mama, ile hadithi si yangu. Imetoka kwenye karatasi.”

“Basi karatasi ikajibu yenyewe. Ilete.”

Nikafunua godoro nilipokuwa nimeilaza. Haipo. Nilipekua chini ya kitanda, nyuma ya ndoo, kwenye rundo la karatasi za kuchana. Nikawaza mtu gani wa mtaa huu amekula vitumbua vilivyofungwa kwa hadithi yangu, na nikaanza kulia kwa sauti. Mama akanyanyuka, akafungua sanduku lake, na chini kabisa, katikati ya kanga zake za sikukuu, akatoa jarida lile halijakunjwa hata ncha.

“Nilikuona siku moja unalibusu,” alisema. “Nani afungie vitumbua kitu kinachobusiwa?”

Nimepewa vitu vingi na mama yangu. Hicho nakitaja cha kwanza.

Baada ya alasiri tulikwenda wawili chumbani kwa bibi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

“Shikamoo, bibi.”

Hakuitikia. Asiyejua uzito wa shikamoo isiyoitikiwa na amshukuru Mungu.

“Bibi, yule mama wa hadithi si wewe. Yumo humu. Nimekuja kukuonyesha.”

“Watoto wa shule,” alisema. “Hata karatasi mnaweza kuifundisha uongo.”

Nikafungua jarida nikamwekea mapajani. Juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na picha ya kuchora: mwanamke kasimama jikoni na bakuli mikononi. Bibi hakujua kusoma, lakini macho yake yalikuwa mazima. Aliitazama picha kwa muda, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

“Huyu nani?”

“Ndiye yeye, bibi. Mwenye nyumba.”

“Mbona Mjapani? Wakati wa vita picha zao zilibandikwa sokoni.”

Mama alinigeukia kwa mshtuko, kwani hata yeye sikumwambia. Nikaona chumba chetu kinaondoka mbele ya macho yangu.

“Ndiyo, bibi. Mjapani wa Amerika. Ndiyo maana sikusema wa wapi. Niliogopa nitakuumiza.”

“Ukaona afadhali uniumize kwa kunivua nguo mbele ya wapangaji wangu.”

Nilinyoosha mkono nichukue jarida tuondoke. Bibi akaweka kiganja chake juu ya picha.

“Soma,” alisema.

Nikasoma. Safari hii sikuigiza mtu. Nilisoma sentensi kwa Kiingereza, nikaigeuza Kiswahili polepole, na nisipolijua neno nilimwambia, “Hili silijui, bibi,” badala ya kuruka. Nilisoma alivyoosha mchele, na kidole chake, na bibi akatazama kidole chake mwenyewe. Nilisoma vile wakati wa vita serikali ya Amerika ilivyowakusanya watu wa asili ya Kijapani, wazee na watoto, ikawafungia jangwani nyuma ya seng'enge, na mwanawe akatokea humo humo kwenda jeshini.

Bibi alininyamazisha kwa mkono. “Jeshi la nani?”

“La Amerika, bibi.”

“Hao hao waliomfungia mama yake?”

“Hao hao.”

“Akaenda kupigana na nani?”

“Na Wajerumani.”

Bibi akaguna. “Hao nawajua. Nilikuwa kigoli walipokuwa hapa.” Akapanga upya kanga yake magotini. “Endelea.”

Nikaendelea mpaka pale mchele wetu ulipoishia jana: kijana mgeni kaketi mahali pa mwana, meza imenyamaza. Sasa nikasoma kilichobaki, na kilikuwa kidogo tu. Yule mama anasimama mlangoni mwa jiko, anamtazama kijana, na wapangaji wanaogopa atamfukuza. Anarudi jikoni. Anatoka na kipande cha samaki, anakiweka juu ya wali wa mwanawe, anamwambia kijana, “Kula, kinapoa.” Basi.

“Ehe?” alisema bibi.

“Imeishia hapo.”

“Alikula?”

“Haikusema, bibi. Hadithi zao ndivyo zilivyo, zinakatika.”

“Sikuulizi karatasi. Nakuuliza wewe uliyesoma. Yule kijana alikula au hakula?”

Nilimtazama mama, naye anatazama sakafu. Nikafikiri juu ya yule kijana na njaa yake, na macho yote yale mezani, na samaki.

“Alikula, bibi,” nilisema. “Chote.”

Bibi akatikisa kichwa, akaitazama picha tena. “Miaka yote hii nimewalaani hawa,” alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayetaja bei ya kitu. “Kumbe na wao wana mama anayepakua.” Akafumba jarida, akanirudishia. Tulitoka bila kujua kama tuna chumba au hatuna.

Baada ya magharibi nilisikia ananiita. “Wewe msomaji! Njoo.”

Nilikwenda. Kwenye meza ndogo ya mlangoni, pale palipokuwa na sahani moja siku zote, palikuwa na sahani mbili, kila moja na kawa lake. Kawa la pili lilikuwa jipya, ukili wake bado una rangi.

“Hiki cha mwanangu,” alisema, anaonyesha la zamani. “Hiki cha mwana wa yule mama. Kaa ule.”

“Bibi, mimi?”

“Mama yake ameshatoa ruhusa, umesoma mwenyewe. Wa kwake keshakufa, na chakula cha maiti hakingojwi.” Akafunua kawa jipya. Ulikuwa wali wa nazi, na samaki juu yake. Kisha akaligusa lile kawa la zamani kwa ncha za vidole, akalinyoosha likae sawa. “Cha wangu bado,” alisema. “Bado siwezi.”

Nilikula pale pale, nimekaa kwenye kigoda, na bibi amesimama ananitazama kila tonge. Nilikula chote. Nilipomaliza alichukua sahani akaitazama, nyeupe, haina hata punje.

“Atajua yule mama?” aliniuliza.

“Atajua nini, bibi?”

“Kwamba kimeliwa.”

Ningeweza kumwambia kwamba yule mama ni wa hadithi, hakuzaliwa, hakuna nyumba, hakuna bakuli. Shule ingenitaka niseme hivyo. “Atajua, bibi,” nilisema.

“Haya. Kamwambie mama yako aache kufunga mizigo, ananipigia kelele. Mwambie mama yake kasema.”

Tulikaa katika nyumba ile mpaka nilipoolewa. Uani nilirudi na hadithi zangu, lakini bibi aliweka sheria ya pili: mtu kwanza anatajwa kwao ni wapi. Akawa yeye ndiye anayeuliza, kabla hata ya vyakula. “Huyu wa wapi huyu? Mchina? Mama yake yuko hai?” Ile ya bibi aliyepanda mti uliokatwa kila mwaka alinisimulisha mpaka mama wa Kichaga akaomba tuhurumiwe. Ilipita miaka ndipo akakubali kumsomea mwanawe khitima, na siku ile, watu walipokwisha kwenda, alinyanyua mwenyewe lile kawa la zamani akawagawia watoto wa nyumba chakula chake. Hakulia. Kabla ya hapo, katika dua, alikuwa amemwomba shehe amwombee subira na mama mmoja wa Amerika, na shehe, ambaye hakuelewa, akaomba.

Jarida lenyewe mchwa walilila nikiwa tayari na watoto wangu, na jina la mwandishi likaenda nalo. Nimelitafuta katika vitabu, tangu macho yakiwa na nguvu mpaka sasa nasomewa na wajukuu. Nimekutana na watoto na wajukuu wa wale waandishi, wanaandika tena vizuri, na nawafurahia. Yeye sijampata. Sijui kama aliwahi kudhani kwamba mchele aliouosha kwa Kiingereza utapikwa Kariakoo kwa nazi.

Bibi aliniuliza kama atajua, nami nikamwahidi. Ndiyo maana nimeandika haya. Kimeliwa, mama. Nilikula mimi, nilikimaliza chote, na kilikuwa bado cha moto.